Ada Peke Yake Haimfikishi Kazini

Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya wanaumoja, siku ya harambee

 

Sisi wa Kamati ya Elimu tumepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ametuonya kwamba pilau iko tayari, na harufu yake ikishaingia humu ndani hatutapata wa kutusikiliza, kwa hiyo tutakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililotuleta.

Mwaka jana, hapa hapa, tuliwaomba ada kwa ajili ya vijana wetu wenye ulemavu walio vyuoni. Mlitoa. Mtakumbuka jogoo aliyenadiwa mara nne akarudishwa kila mara, na mzee wetu mmoja aliyesema yeye hana fedha ila ana gunia la mihogo, na lile gunia likanunuliwa. Fedha zile zilikwenda vyuoni, stakabadhi anazo mhasibu, na hakuna kijana wetu hata mmoja aliyezuiwa kuingia kwenye mtihani kwa sababu ya ada. Tungeweza kuishia hapo mkatupigia makofi tukaenda kula. Lakini kuna mmoja kati ya vijana hao hakumaliza chuo kwa wakati, na kilichomkwamisha si ada. Ametuomba jina lake tusiliandike kwenye kabrasha hili, kwa kuwa linafika mbali. Kisa chake ametuambia tukisimulie chote. Na ni lazima tukisimulie, kwa sababu sehemu yake kubwa inatuhusu sisi tuliokaa humu.

Kijana huyu ana ualbino. Alikuwa akisoma stashahada ya uhasibu. Wengi wetu tukimwona mtu mwenye ualbino tunafikiria ngozi na jua. Tunampa kofia, na tukijitahidi sana tunamtafutia losheni ya kukinga jua, ile inayotengenezwa KCMC kule Moshi mahususi kwa ajili yao. Hayo ni mema na yaendelee. Darasani, hata hivyo, shida yake ilikuwa macho. Anaona karibu, haoni mbali, na mwanga mkali unamuumiza. Ubao hausomi hata akikaa mstari wa mbele. Miaka yote amesoma kwa kupiga picha ubao kwa simu halafu anaikuza picha, au kwa kunakili kwenye daftari la mwenzake usiku. Kwa namna hiyo alifaulu masomo yote.

Ukafika wakati wa mafunzo kwa vitendo, wiki nane ofisini. Chuo kikampa barua. Akazunguka nayo mjini siku nyingi, kila mahali akiambiwa aache namba, watampigia. Akaja kwetu. Sisi tukamwambia, mwanangu, hilo dogo, Umoja wetu umejaa watu wenye ofisi, maduka, shule, vyama vya kuweka na kukopa, hata gereji. Tukapiga simu kwa wanaumoja saba. Wa kwanza akasema ofisi yake ni finyu. Wa pili akauliza, kazi zetu ni za kompyuta, huyo ataona kweli? Wa tatu akasema atamuuliza bosi, na mpaka leo bado anamuuliza. Na mmoja, ambaye hatumtaji kwa kuwa ni mtu mkarimu kuliko wengi wetu, akajibu: “Niambieni ni shilingi ngapi, nitume sasa hivi.” Na kweli alituma, zimo kwenye stakabadhi.

Jibu lile ndilo lililotukalisha chini. Tuliomba kiti kimoja kwa wiki nane, tukapewa pesa. Na hatuna haki ya kumnyooshea mtu kidole, maana mwenzetu mmoja wa kamati hii hii ana duka la vifaa vya ujenzi, lenye vitabu vya mauzo na madeni vinavyosubiri mtu wa kuvipanga kila jioni. Duka lile hakuna kati yetu aliyelifikiria, wala mwenyewe. Tulikuwa tunatafuta mbali, kwa watu, na muda ukaisha. Bila mafunzo kwa vitendo hakuna matokeo kamili, na bila matokeo kamili hakuna cheti. Kijana akarudi nyumbani akakaa miezi, mtaani wanamwuliza vipi, bado hujaanza kazi, na wewe umesomeshwa na Umoja?

Ndugu zangu, baada ya hapo tuliamua kukaa na vijana wote tunaowasaidia, pamoja na wazazi wao, tukawauliza swali ambalo tulipaswa kuwauliza tangu mwanzo: ukiacha ada, nini kinakukwamisha? Haya tunayowaambia leo ni yale waliyotuambia wao.

Tuanze na njia. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha imekuwa njia nane. Tumeipata kwa gharama tunazozijua wenyewe, sisi tuliowahi kuamka tukakuta alama ya X ukutani. Ukishafika Kimara ukapanda mwendokasi, vituo vyake vimejengwa sakafu ikiwa sawa na sakafu ya basi, kiti cha magurudumu kinaingia bila kunyanyuliwa, ilimradi usijaribu saa ya asubuhi watu wakiwa wamebanana. Lakini kati ya mlango wa nyumba na lami kuna mchanga, kuna makorongo ya mvua, kuna ule mteremko ambao hata bodaboda wanashuka wakikokota. Binti yetu mmoja anatumia kiti cha magurudumu. Daladala nyingi hazisimami zikimwona. Ikisimama moja, konda anauliza kiti hicho kitakaa wapi, au anadai nauli mbili.

Na hapa tukiri kosa letu jingine. Kiti anachotumia binti huyo tulikinunua sisi. Tulikwenda dukani tukachagua kinachong'aa. Ni kiti cha hospitalini, kile cha kumsukuma mgonjwa kwenye sakafu ya vigae, na magurudumu yake madogo ya mbele yanazama kwenye mchanga wetu kama kijiko kwenye uji. Tulipiga naye picha siku ya kumkabidhi, na picha hiyo imo kwenye kabrasha la mwaka juzi, akitabasamu. Baadaye ametuambia alikuwa anatabasamu kwa adabu. Kiti cha mtu anayekwenda chuo kila siku hupimwa kwa mwili wake na kwa njia anayopita, na wataalamu wa kazi hiyo nchi yetu inawafundisha yenyewe, pale TATCOT, KCMC. Safari hii hatununui kiti kabla mtaalamu hajampima mtumiaji, hata kama ni cha msaada.

Kwa binti huyo, dawa ya mwaka huu ilikuwa hosteli karibu na chuo, chumba cha chini, na bajaji ya Ijumaa jioni na Jumapili. Hosteli na bajaji hazimo kwenye ankara ya ada, ndiyo maana hatukuwa tumeviona.

Jambo la pili ni darasa lenyewe. Wengi wa vijana hawa walisoma mahali palipowazoea: Uhuru Mchanganyiko, Buguruni Viziwi, Jangwani, Pugu. Huko kulikuwa na walimu wanaojua nukta nundu au lugha ya alama. Kwenye mitihani ya taifa kuna utaratibu unaojulikana, Baraza la Mitihani huwaongezea muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Akifika chuoni, mara nyingi ni yeye peke yake mwenye hali hiyo darasa zima, na utaratibu wa kuongezewa muda ni wa chuo chenyewe. Asipoomba mapema, kwa barua, anaweza kuukosa. Kijana wa miaka ishirini, mgeni, hamjui mtu, hataki aonekane msumbufu, haombi. Tumegundua kwamba wawili kati yao walikaa muhula mzima bila kumwambia mhadhiri yeyote kwamba hawaoni vizuri.

Kiziwi ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote, na tunasema hivi bila kupima ulemavu kwa mizani. Asiyeona, ukimpa maandishi kwenye kompyuta, ipo programu ya bure inaitwa NVDA inayosoma kilichoandikwa kwa sauti, na akiwa na vifaa vya kusikilizia anakwenda sawa na wenzake. Anachohitaji ni mhadhiri ampe faili lenyewe, siyo fotokopi ya fotokopi. Lakini kiziwi anahitaji mtu. Mkalimani wa lugha ya alama hawezi kuwa programu. Bila mkalimani anakaa saa sita akitazama midomo, na mhadhiri akigeukia ubao, midomo nayo imeondoka. Kumlipa mkalimani kwa muhula mmoja ni gharama kubwa kuliko ada, mtaiona kwenye jedwali la mhasibu na tafadhali msishtuke. Tumeanza mazungumzo na watu wa CHAVITA tuone kama wanafunzi wawili au watatu wa chuo kimoja wanaweza kutumia mkalimani mmoja.

Tatu ni karatasi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo upo, na mwombaji mwenye ulemavu anafikiriwa kwa hali yake, lakini ni lazima hali hiyo ithibitishwe kwa fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Watu wetu wanaacha hadi wiki ya mwisho. Wengine wanadhani macho ya mtoto wao yanaonekana tu, fomu ya nini? Mzazi mwingine hataki neno ulemavu liandikwe kwenye karatasi ya mwanawe, tumeketi naye mara tatu na tunamwelewa. Kuanzia 2023 mkopo umefika hata kwa baadhi ya kozi za stashahada, kwa hiyo wale wa ngazi hiyo nao waulize. Kamati imejipanga: dirisha la maombi likifunguliwa, kila Jumamosi tutakuwa na meza, kompyuta na mtu mvumilivu. Vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe RITA mapema. Hayo ni ya kawaida, tunayapita haraka.

Sasa turudi kwenye kazi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilikwishakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu. Tumewatajia si kwa sababu tunataka kumshitaki mtu. Tunataka yule mwanaumoja mwenye kiwanda, au shule yenye walimu na wapishi na walinzi, leo akirudi ahesabu. Sensa ya 2022 imeonyesha kwamba watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka saba na zaidi. Ukihesabu hamsini kazini kwako ukakosa hata mmoja, basi jiulize wamekwama wapi.

Serikalini, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwahimiza waombaji wenye ulemavu waombe, na waonyeshe kwenye mfumo ulemavu walionao. Vijana wetu wengi walikuwa hawajazi sehemu hiyo. Wanaogopa wataondolewa kwenye orodha kabla ya kuitwa. Tulibishana hata ndani ya kamati, wengine wakisema kijana ajifiche mpaka ndani ya chumba cha usaili. Mwisho tumekubaliana kuwashauri wajaze. Asipojaza, hakuna atakayejua kwamba anahitaji karatasi ya herufi kubwa au mkalimani siku ya usaili, na akifika hapo bila hivyo atafeli kwa jambo ambalo si ujinga wake.

Lakini usaili unaanza kabla ya usaili. Tulifanya zoezi, mmoja wetu akajifanya mwajiri, akamwuliza kijana: “Kazi hii utaiwezaje na hali yako?” Kimya. Ni swali baya, na ataulizwa. Mara ya pili akajibu kwamba atajitahidi. Mara ya tano akasema: “Naomba kompyuta ikae pasipo na mwanga wa dirisha usoni, maandishi nitayakuza mwenyewe, na vitabu vya mkono nitavisoma kwa simu. Mwezi wa kwanza nitakuwa mzito kidogo, wa pili hutaona tofauti.” Huyo angeajiriwa hata na sisi. Majibu kama hayo hayaji kwa maombi, yanakuja kwa kurudiarudia, na mwaka huu tunataka vijana wote wa mwaka wa mwisho wapite kwenye zoezi hilo, mbele ya waajiri wa kweli kutoka miongoni mwenu. Nusu siku tu.

Wazazi nao, mtusamehe. Mama mmoja alimsindikiza mwanawe ofisini, akaingia naye, akajibu maswali yote. Mwajiri akamshukuru mama. Mtoto hakuulizwa lolote. Tunajua mmewabeba watoto hawa mgongoni miaka ambayo hakukuwa na Umoja wala kamati, na hakuna wa kuwafundisha upendo. Tunachoomba siku hiyo mkae nje kwenye benchi. Soda tutanunua sisi.

Mtu atauliza, je, kila mmoja lazima aajiriwe? Hapana. Kuna mikopo ya halmashauri, katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 2 ni ya watu wenye ulemavu, na Manispaa yetu ya Ubungo imo. Anayetaka kufungua ofisi yake ya kushona au kutengeneza simu amwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, na sisi tutamsindikiza. Ila tusiigeuze njia hiyo kuwa mahali pa kuwatupia wote, kana kwamba mwenye ulemavu kazi yake ni kibanda tu. Watoto hawa wanamjua Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dodoma, akateuliwa naibu waziri mwaka 2015 na baadaye kuwa balozi wetu Ujerumani. Tunafurahi wanamjua. Lakini kijana wetu hakuomba ubalozi. Aliomba meza ya karani kwa wiki nane.

Basi ombi la mwaka huu. Kadi ya ahadi mliyoikuta kwenye kiti ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya shilingi, na humo tumeorodhesha mkalimani, hosteli na bajaji, kompyuta mbili zenye NVDA, na gharama ya mtaalamu wa viti. Ada imebaki, haikuondoka, mtaiona juu kabisa. Sehemu ya pili imeandikwa NAFASI. Hapo unaandika: nina kiti kimoja, au viwili, kwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mahali fulani, kazi ya aina fulani. Usiandike kwamba ofisi ina ngazi, tutakuja tuitazame pamoja na mwanafunzi mwenyewe, mara nyingi yeye ndiye anayejua ngazi inazungukwaje. Mwenye biashara atakayejaza shilingi akaacha NAFASI wazi, kamati itamtembelea nyumbani, na huwa tunakuja wengi na tunakaa mpaka chai.

Kuhusu yule kijana, wiki nane zake amezifanya kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi la mwenzetu. Matayarisho yalichukua asubuhi moja. Meza iligeuzwa dirisha likawa ubavuni, maandishi ya kompyuta yakakuzwa, taa iliyokuwa ikimulika usoni ikabadilishwa. Wiki ya tatu alikuta madeni ya wateja ambayo mwenye duka alikuwa ameyasahau, na mwenye duka anasema bado hajaamua kama ashukuru au aone aibu. Matokeo yake yamekamilika, na cheti anakifuata mwezi ujao.

Stakabadhi za leo anaandika yeye, meza ya kushoto karibu na mlango. Huinama karibu sana na karatasi, kwa hiyo mkifika msisimame mkamzuia mwanga, na msiondoke kabla hajawasomea kiasi mlichoandika.

 Mwenyekiti, dakika zimebaki mbili.